Naomba ushauri: vijana wananiuliza tumaini la Kikristo ni la nini siku hizi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni mlezi wa vijana parokiani, na nimepewa vipindi vitatu vya kufundisha juu ya tumaini. Cha kwanza kimenishinda. Nilianza na waraka wa Papa Benedikto XVI wa 2007, Spe Salvi, pale anapoeleza jinsi watu wa zama mpya, kuanzia mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, walivyohamisha matarajio yao kutoka kwa Mungu kwenda kwenye sayansi na maendeleo. Binti mmoja wa chuo akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi hata hayo maendeleo hatuyaamini tena. Kila mtu ana ukweli wake." Wenzake wakacheka, mimi nikabaki kukohoa.

Nyumbani nikamkumbuka Jürgen Moltmann, mwanateolojia Mjerumani aliyeandika sana juu ya tumaini. Kijana wa Hamburg, mwaka 1943 rafiki yake aliuawa kwa bomu akiwa kando yake. Baadaye akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza akapewa Biblia, na kilio cha Yesu msalabani, "mbona umeniacha", ndicho kilichomshika. Nadhani hapo pana mlango kuliko hoja za wanafalsafa (ambazo, kusema kweli, nami nazielewa nusunusu).

Sasa waliowahi kufundisha rika hili: nianze na ushuhuda kama huo, au nirudi moja kwa moja Warumi 8:24, kwamba tuliokolewa kwa tumaini? Na yule binti nimjibuje bila kumkatisha tamaa ya kuuliza? Kipindi ni Jumamosi.