Naomba ushauri: mchuzi wa zabibu (juisi iliyokamuliwa) wa kutengenezea wine nyumbani naupataje nikiwa Dar?

mtungi_wa_tabata:
Wakuu habari za jioni. Natengeneza wine kidogo kidogo home, ndoo ya lita 20 basi, ya kunywa mwenyewe na wageni wa sikukuu, siuzi. Nimezoea nanasi na choya, zinatoka poa tu, sasa nataka ya zabibu. Za sokoni ni zile za kula, ukipiga hesabu ya kujaza ndoo bei inakata maini, na juisi ya boksi niliyonunua imeandikwa ZABIBU kubwaa mbele lakini nimetia hamira juzi mpaka leo imetulia kama maji mtungini. Mchuzi wa Dodoma unaagizwaje na ukifika huku si unakuwa ushachacha njiani? Mwenye uzoefu anisaidie

babu_chupa:
Mkuu geuza boksi usome nyuma. Ukikuta E202 au E211, au neno sorbate au benzoate (dawa za kuzuia isiharibike), hapo hamira haizaliani hata uibembeleze, na kuchemsha hakusaidii, hiyo kunywa na chapati. Juisi ya boksi inafaa kama ni asilimia 100 zabibu na haina hivyo vitu. Zile zilizoandikwa "nectar" au "drink" nyingi ni maji na sukari, achana nazo

mgogo_wa_hombolo:
Mbukwenyi wakuu. Huku mchuzi upo, ila uje na msimu. Tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na mimi ningekwambia subiri ya Agosti maana ya masika zabibu inakunywa mvua, sukari inashuka na nyingine inaoza kichala kikiwa bado shambani. Usihangaike na viwanda, wao wanachukua kwa matani. Tafuta mkulima mmoja mmoja Hombolo, Mpunguzi au Chamwino, msimu ukichanganya na viwanda vimejaa wanakuuzia kwa furaha kabisa. Mwambie aina unayotaka, ya wine nyeupe ni Chenin Blanc, nyekundu ni Makutupora Red au Syrah

nesi_mstaafu:
hao wakulima wako ndo wanaongeza maji humohumo 😂 bora zabibu nzima

mgogo_wa_hombolo:
@nesi_mstaafu wapo, sikatai. Ndio maana unakuja na haidromita yako (kipimo cha sukari kinachoelea), unajaza mchuzi kwenye kichupa mbele yake unaiachia ielee. Ikisoma 1.085 mpaka 1.095 lipa hela. Ikisoma 1.060 hapo umeuziwa maji au zabibu haikuiva, shusha bei au ondoka. Asiyekuwa na haidromita achovye vidole viwili avibane avikaushe, mchuzi mzima unanata mpaka vidole vinagoma kuachana

babu_chupa:
Na ikisoma 1.070 sio mwisho wa dunia, ongeza sukari gramu 50 hivi kwa kila lita unafika kwenye kilevi cha asilimia 12. Ila kwa nyekundu nakubaliana na nesi, mchuzi peke yake utakupa rangi ya pinki tu, wekundu uko kwenye maganda. Chukua kilo 30 za zabibu, ponda kwa mikono (usisage na blenda, mbegu zikivunjika inakuwa chungu), acha na maganda yake siku tano mpaka wiki, maganda yanapanda juu wewe unayazamisha asubuhi na jioni, ndo unakamua.

mtungi_wa_tabata:
Aisee asanteni. Basi naanza na nyeupe, mchuzi. Sasa usafiri? Basi la mchana na joto hili?

mgogo_wa_hombolo:
Unagandishwa. Kuna watu mjini wana friza wanakugandishia kwa hela ndogo, tumia madumu ya lita 5, usijaze, acha nafasi ya vidole vinne maana barafu inavimba. Panda basi la usiku, madumu yafunge kwenye gunia na magazeti, asubuhi unafika bado kuna barafu katikati. Ambao haujagandishwa usithubutu kukaza kifuniko, hamira ya kwenye ganda la zabibu inaanza kazi yenyewe, konda atakushusha Morogoro na buti limelowa

nesi_mstaafu:
na ukifika Dar ndoo iweke kwenye beseni la maji uifunike na kitenge kibichi, joto la Tabata likizidi 30 wine inanukia vibaya. Hamira ya mikate inafanya kazi ila inachoka mapema, kama una mtu anatoka nje akuletee ya wine, EC-1118 pakiti moja ya gramu 5 inatosha ndoo yako nzima

mtungi_wa_tabata:
Poa. @mgogo_wa_hombolo nacheki PM, Agosti madumu manne ya Chenin, haidromita nakuja nayo mwenyewe 😀

mgogo_wa_hombolo:
Karibu sana mkuu. Njoo na madumu yako pia, ya huku mengi yalibeba mafuta ya alizeti