Ofisi inatupeleka Udzungwa, sijawahi kuingia msituni na nina pumu. Naombeni ushauri

Binti wa Kigamboni:
Salaam wakuu. Ofisini kwetu hapa Dar wamepanga safari ya wafanyakazi mwezi wa saba. Tunaenda Hifadhi ya Udzungwa, tutapanda hadi maporomoko ya Sanje. Mimi nimezaliwa na kukulia mjini, msitu nauonea dirishani mwa basi tu. Halafu nina pumu. Dawa ya kuvuta ninayo na pumu imetulia muda mrefu. Kwenda natamani sana, ila naogopa nyoka, naogopa kuchelewesha wenzangu, na kubwa zaidi naogopa kubanwa kifua huko juu mbele ya bosi. Njia ikoje? Nivae nini? La pumu niliseme ofisini au ninyamaze?

Mtu wa Mang'ula:
Karibu kwetu binti. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na watalii huitembelea kwa miguu, si kwa magari kama Mikumi. Njia ya Sanje ni ya mwinuko, ina mizizi na mawe, lakini sehemu kubwa mnakuwa kivulini. Maporomoko yana urefu wa mita 170 hivi. Tengeni nusu siku, msiende mbio. Mwezi wa saba ni kiangazi, njia haitelezi kama wakati wa masika. Ila waulize waandaaji vizuri: kama kuna mtu anataka kuongeza kilele cha Mwanihana, hiyo ni safari nyingine kabisa, watu wanalala msituni. Usikubali kwa mara ya kwanza.

Nesi Mstaafu:
Mdogo wangu, la pumu lisemwe. Si lazima ofisi nzima ijue. Mwambie mwandaaji, mwongozaji na mwenzako mmoja unayemwamini, na huyo umwoneshe dawa inavyotumika. Kabla ya safari pita kwa daktari wako, muulize kama uvute kabla ya kuanza kupanda. Angalia tarehe ya mwisho ya dawa na ubebe ya akiba. Ikae mfukoni mwako, isiwe kwenye begi la mtu aliyetangulia. Ukiwa njiani jipime kwa kuongea: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, simama. Usisubiri kifua kianze kupiga filimbi.

Kaka Mbezi:
Mimi ningebaki. Kujenga ushirikiano kazini hakuhitaji kupandisha watu milima, bahari ipo hapo hapo Kigamboni.

Mguu wa Usambara:
Kaka, dada kasema anatamani kwenda. Tumsaidie aende salama.

Dada, huwa natembeza vikundi vya wageni wa msitu, na kinachowaumiza wengi ni mwendo. Vijana wanatangulia kwa kasi, anayefuata nyuma anawafikia wakiwa wameshapumzika, wakimwona wanaondoka tena. Yeye hapumziki kabisa. Omba utembee nyuma ya mwongozaji, yaani wewe ndiye upange kasi. Bosi mwenye busara atalikubali hilo.

Nyoka wengi hukimbia mtikisiko wa miguu. Wewe usishike gogo wala jiwe bila kuliangalia. Siafu ndio watakusumbua, kwa hiyo suruali ndefu, na uichomeke ndani ya soksi. Viatu viwe na meno chini. Mitumba ya Karume ina vizuri tu, ila vizoee mtaani kwanza, kiatu kipya kitakuchubua. Maji lita mbili, ndizi na karanga. Wakati wa kushuka omba fimbo, magoti yatakushukuru.

Binti wa Kigamboni:
Asanteni mno, nimepata nguvu. Kesho naongea na mwandaaji. Je, wanyama tutawaona? Na nimeambiwa watu wanaoga kule, niende na nguo?

Mtu wa Mang'ula:
Mbega wekundu mna nafasi nzuri ya kuwaona. Mwulizeni mwongozaji pia habari za ngolaga, kima asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walimjua mwaka 1979, wazee wetu walishamjua zamani. Mkipunguza kelele mnaweza kumsikia.

Nguo ya kubadili beba. Maji ni ya baridi na mawe yanateleza, kwa hiyo na kifua chako usijirushe. Pumzika kwanza hadi pumzi itulie, kisha uanze na miguu pale mwongozaji atakapoonesha.