Sola ni ya mama yangu Tandahimba, ufunguo anao mtu wa Dar es Salaam: nani amewapa mamlaka ya kutuzimia taa?

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa mpangilio, kwa kuwa linazigusa kaya nyingi za Mtwara na Lindi ambazo hazina pa kulisemea.

Mama yangu mzazi anaishi wilayani Tandahimba, katika kitongoji ambacho nguzo za umeme hazijafika. Kampuni moja ilimkopesha mtambo wa sola: paneli juu ya bati, taa, redio, na kisanduku cha betri chenye laini ya simu ndani yake. Laini hiyo si ya kupigia wala kupokea simu. Kazi yake ni kuipelekea kampuni taarifa za matumizi ya mama na kupokea amri kutoka kwao. Siku zilizolipiwa zikiisha na taarifa ya malipo mapya haijakifikia, kisanduku kinajifunga, kitaa cha pembeni kinawaka chekundu na nyumba nzima inaingia giza, ilhali betri imeshinda juani kutwa na imejaa.

Mwezi uliopita mama alilipa kabla ya siku yake, ujumbe wa muamala ukaingia kwenye simu yake, na bado kisanduku kikajifunga, kwa sababu mnara wa simu wa eneo lile ulikuwa umezimika na taarifa ya malipo haikukifikia. Nilipowapigia huduma kwa wateja, nilijibiwa kwamba mama akipeleke kisanduku mahali penye mtandao. Yaani bibi wa zaidi ya miaka sabini ajitwike betri kichwani, azunguke kutafuta mnara, ili afunguliwe kitu ambacho amekwisha kukilipia!

Hata mtandao ukiwa mzima, mkataba wenyewe haumjui mkulima wa huku. Sisi fedha tunaziona minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, na baada ya mnada tunasubiri chama cha msingi cha ushirika kitulipe. Kisanduku kinadai kila siku, mwaka mzima, hata mwezi Juni ambapo shilingi ya mwisho imekwenda kwenye salfa ya kupulizia mikorosho. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: mtu anauza korosho zikiwa bado maua, kwa kangomba, yaani wanunuzi haramu wanaopita nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, ili watoto wapate taa ya kusomea. Serikali inapambana na kangomba kila msimu, huku kisanduku ukutani kinawasukuma watu huko huko.

Linaloniudhi zaidi ni mamlaka. Mdai wa zamani aliyetaka kutwaa mali ya mtu alipaswa kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwenye baraza la kata au mahakama ya mwanzo, na mdaiwa alipata nafasi ya kujieleza. Leo mashitaka, hukumu na utekelezaji vyote viko ndani ya kompyuta moja, wala hakuna anayeuliza kama mwenye nyumba amefiwa, anaumwa au alikwisha kulipa. Simu za mkopo wanazouziwa vijana wa bodaboda hapa Mtwara mjini zinafungwa kwa namna hiyo hiyo, na simu ikifungwa, kijana hana wateja wala njia ya kutafuta fedha ya kulipia deni lenyewe.

Msidhani ni jambo la maskini tu. Mwaka 2022, matrekta yaliyoibwa Ukraine na kupelekwa Chechnya yalifungwa kutoka mbali, yakawa hayawaki. Wezi wale sitawatetea, lakini dunia nzima iliona kwamba mwenye trekta shambani na mwenye uwezo wa kulizima ni watu wawili tofauti. Huku kwetu yupo na wa tatu, ambaye ni mwenye swichi ya mtandao: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ilikaa siku kadhaa bila kurejea. Kila kifaa tunachokifunga kwenye mtandao kinaongeza kitu kimoja tunachoweza kunyang'anywa siku kama ile.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na inagusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine bila mtu kuyapitia. Basi itumike. Ninataka kampuni hizi zipigwe marufuku kumfungia mtu kabla ya kumpa notisi na muda wa kujibu. Kisanduku kisijifunge kwa sababu mnara umelala. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na uruhusu malipo ya msimu. Na deni likiisha, laini ile itolewe mbele ya mwenye nyumba.

Waheshimiwa wabunge wa kusini, wengi wenu mnasoma jukwaa hili. Nani kati yenu atalipeleka suala hili bungeni? Na ninyi mliofungiwa Newala, Nachingwea, Liwale na Kilwa, andikeni hapa chini ilikuwaje, wilaya gani, na mlijibiwa nini.