Balbu ya vifaranga inasoma ohm 38, mita mbovu au kanuni ya Ohm ndo mbovu?

fundi_mbagala:
Wakuu habari za jioni. Mi fundi umeme wa majumbani, mdogo wangu yuko mwaka wa pili anasoma fizikia na jana tumebishana mpaka mama katufukuza sebuleni. Iko hivi, ile balbu ya zamani ya wati 100 tunayopashia vifaranga joto niliifungua nikaipima ikasoma ohm 38, sasa piga hesabu mwenyewe, 230 gawa kwa 38 ni ampea 6, yaani karibu wati 1400, pasi kabisa hiyo! Luku si ingekuwa inakimbia kama bodaboda. Dogo anacheka eti "kaka, balbu haifuati kanuni ya Ohm". Mi najua V (volteji) ni I (mkondo) mara R (ukinzani) kwa kila kitu, ndo nilivyofundishwa ufundi. Nani yuko sahihi?

kishoka_mstaafu:
Betri ya mita imeisha mkuu, badilisha kwanza ndo uje

mwl_wa_jioni:
Mita haina shida. Mafundi mkisema kanuni ya Ohm mnamaanisha R ni V gawa kwa I, ila hiyo ni maana tu ya ukinzani, hata dayodi (kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ukiigawanya hivyo namba utapata. Alichochapisha Georg Ohm kule Ujerumani 1827 ni kwamba waya wa metali ukiuongezea volteji mara mbili na mkondo unapanda mara mbili, R haitikisiki, mradi joto lisibadilike. Sasa tungsteni, ule waya mwembamba unaowaka ndani ya balbu, inatoka kwenye joto la Dar mpaka nyuzi zaidi ya 2000, ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Ikiwaka ni kama ohm 529, fanya 230 mara 230 gawa 100. Tena wanafizikia wenyewe mara nyingi wanaandika J = σE (mkondo kwa kila eneo ni upitishaji wa metali mara uga wa umeme), wanaangalia nukta moja ndani ya metali, urefu na unene wa waya wako hauwahusu.

injinia_ubungo:
Nakubali mwalimu, ila sisi saiti hatuna muda huo, dayodi tunachukua mteremko wa grafu pale inapofanyia kazi tunauita rezistansi maisha yanaendelea 😂 Na fundi, hiyo 38 sio uongo, ndo balbu inayokutana nayo ukibonyeza swichi tu, ndo maana nyingi zinaungua pale pale unapowasha. Kwa kanuni ya Kirchhoff ya volteji ndo usiseme, sisi tunajumlisha volteji kuzunguka sakiti tunapata sifuri, wanafizikia wanasema usumaku ukiwa unabadilika ndani ya huo mzunguko sifuri hamna, nenda kwa kanuni ya Faraday, ya usumaku unaobadilika kuzalisha volteji. Wakati jibu ni lile lile, sisi koili (waya uliozungushwa) tunaihesabu kama kifaa chenye volteji yake, wao wanaipeleka upande wa pili wa mlinganyo.

fundi_mbagala:
Nimepima pasi ya wati 1000 ikiwa baridi, ohm 53. Inakuja ampea 4.3, wati 998. Mbona hii inatii?

mwl_wa_jioni:
Waya wa pasi ni mchanganyiko wa nikeli na kromu, ukinzani wake hauchezi sana hata ukipata moto.

fundi_mbagala:
Haya, nilidhani nitamdai dogo soda, kumbe yeye ndo ananidai 😅 Ngoja nikarudishe balbu, vifaranga wamejikusanya kona moja wanalia.