Kamati ya Jubilii ya Wazazi

Da Mwana 19:04: Habari za jioni ndugu zangu. Risala iko tayari, kurasa mbili. Msomaji bado. Na leo LEO tukubaliane miaka itatamkwaje, maana mle ndani imejaa.

Da Mwana 19:05: Mimi nasema itamkwe yote. Elfu moja mia tisa sabini na tano. Isikatwe.

Da Mwana 19:31: Naona tiki za bluu. Mmesoma, mmenyamaza.

Juma 19:40: 👍

Da Mwana 19:40: Juma, unakubali au unasoma wewe?

Salma 19:46: Da Mwana, kila mstari "elfu moja mia tisa"? Watu watasinzia. Sema sabini na tano, nani hajui karne yake?

Da Mwana 19:47: Babu alizaliwa 1923. Ukisoma "alizaliwa mwaka ishirini na tatu" wajukuu watamtafuta chekechea.

Hamisi 19:47: 😂😂😂 babu bado ananyonya

Salma 19:49: Na baba je? Yeye alizaliwa arobaini na saba kweli. Ukitamka hivyo ukumbi mzima utacheka, watajua unamaanisha zamani za kale.

Hamisi 19:50: Si ndiyo zamani za kale 😂

Salma 19:52: Basi hivi. Wa babu na wa baba kwa ukamilifu, inayofuata kwa kifupi. Tukivuka 2000 tunarudi kwenye ukamilifu, elfu mbili na tatu, elfu mbili na kumi na mbili.

Hamisi 19:53: Elfu mbili kumi na mbili. Hiyo "na" ya kwanza ya nini?

Salma 19:53: Mbona ya elfu mbili na tatu umeiacha?

Juma 19:55: Tuenti tuelvu 😎

Da Mwana 19:55: Hakuna tuenti kwenye risala ya baba yangu.

Hamisi 19:58: Wachina wanataja tarakimu moja moja. Moja, tisa, saba, tano, kwisha. Wajerumani wao ni mia kumi na tisa, halafu tano na sabini. Tuchague 😂

Da Mwana 19:59: Hamisi tafadhali. Nauliza NANI ANASOMA.

Da Mwana 20:22: Kaka Rashidi? Sauti unayo.

Kaka Rashidi 20:26: Mimi? Si ndiye niliyesoma "elfu moja tisini na nne"?

Hamisi 20:26: Uwiii 😂😂 Zuhura kaolewa karne ya kumi na moja

Zuhura 20:28: Na ile video mkaituma mpaka kwa wakwe zangu.

Kaka Rashidi 20:31: Nilisoma kilichoandikwa. Mwaka uliandikwa kwa maneno, na "mia tisa" haikuwemo. Aliyeandika anajijua, akakaa kimya nikachekwa peke yangu. Ingekuwa 1994 kwa tarakimu nisingekosea.

Da Mwana 20:32: Rashidi, tusirudi huko.

Kaka Rashidi 20:32: Lini tuliondoka?

Da Mwana 20:35: _Ujumbe huu umefutwa_

Juma 20:35: Nimeuona 👀

Shangazi 20:58: Watoto. Baba yenu na mama yenu hawakuoana sabini na tano. Walioana elfu moja mia kenda sabini na nne, mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwepo. Sabini na tano ni ya cheti.

Salma 21:03: Shikamoo Shangazi. Kwa hiyo miaka hamsini ya ndoa ilishapita?

Da Mwana 21:04: Shikamoo Shangazi. Kadi zimeshachapwa.

Shangazi 21:09: Marahaba. Nimesema.

Shangazi 21:10: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Hamisi 21:20: Hapo sina utani.

Kaka Rashidi 21:27: Nimeusikiliza wote. Shangazi hajakosea.

Zuhura 21:41: Nitasoma mimi. Ila niandikieni tarakimu tupu, matamshi niachieni. Na nikisema mia kenda asicheke mtu.

Salma 21:42: Sema mia kenda, ila hiyo elfu moja mara moja tu 🙏

Da Mwana 21:44: Zuhura asante. Jirekodi kesho utume hapa tusikie. Mwaka wa ndoa uruke kwanza, naongea na baba.

Zuhura 21:46: Niruke? Si ndio mstari wa kwanza?

Kaka Rashidi 21:47: Na uongee na mama pia.

Mjomba Kassim 23:52: Ndiyo naingia kikundini sasa, nilikuwa kazini. Mchango bado ni ule ule?