Mrejesho: jino lililomeguka baada ya kung'arisha meno

Wadau, nimerudi. Niliuliza kama jino la mbele lililomeguka linaweza kujazwa siku mbili tu baada ya kung'arisha meno, maana harusi ya dada ilikuwa Jumamosi, kule Rongai.

Daktari hapa mjini alinieleza: peroksaidi (dawa ya kung'arishia) huacha oksijeni ndani ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, nayo huzuia resini, ile plastiki ya kujazia, kugandamana vizuri. Kwa kawaida husubiriwa wiki moja hadi tatu. Kwa haraka yangu, alipaka sodiamu askobeti ya asilimia 10 kwa dakika 10 ili kuondoa hiyo oksijeni, akasuuza, ndipo akajaza. Ni jamaa ya vitamini C (nikauliza kuhusu juisi ya machungwa, akacheka: hiyo ni asidi).

Mwezi wa pili sasa, limeshika. Ila rangi ya meno imeshuka kidogo, kile kipande kilichojazwa kinang'aa peke yake.