Mrejesho: yule mama wa mtoto wa bweni niliyekuwa silali

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ni mimi niliyeomba ushauri Januari: mwanangu kaanza kidato cha kwanza bweni, ana pumu, na mimi usiku ni macho tu.

Asanteni sana. Dada aliyenielekeza Wafilipi 4:6 ("Msijisumbue kwa neno lolote") na kuniambia niandike hofu zangu kwenye daftari, kisha niiombee kila moja kwa kuitaja, Mungu akubariki. Ukurasa wa kwanza ulijaa: vumbi la godoro, pampu ya dawa ya pumu kuisha, maji baridi alfajiri. Kumbe nusu yake ni mambo ya kufanya, wala si ya kulilia! Nikatuma pampu ya akiba kwa basi, ikakaa kwa matroni. (Kuomba na kutuma mzigo havigombani, jamani.)

Ule ushauri wa kutompigia matroni kila mara umenishinda. Nilivumilia siku nne. Ya tano, saa nane usiku, nikapiga. "Mama, mtoto amelala." Asubuhi nikamwomba radhi. Sasa napiga Jumapili baada ya ibada, ingawa wiki jana niliteleza tena Jumatano.

Machi alibanwa kifua mara moja, akahudumiwa, akarudi darasani. Usingizi wangu umerudi, ila si wote.